Mti Huchipua Kabla ya Mvua
Somo juu ya Fadhila ya Matumaini

Wapenzi wasikilizaji, wakristu wa Shinkolobwe, wa Kambove na wa Likasi, nanyi wakatekumeni mnaojitayarisha kupokea Ubatizo, na ninyi nyote mliokusanyika jioni hii kuzunguka redio moja, mzee kwa kijana, nawasalimu katika jina la Bwana. Katika somo lililopita tulisema juu ya fadhila ya Imani. Leo twaendelea na dada yake, fadhila ya Matumaini. Wala sitaanza kwa kufungua kitabu. Kwanza nawaomba mtoke nje kwa mawazo, msimame mlangoni pa nyumba zenu, mkautazame msitu.

I. YALE TUNAYOYAONA KWA MACHO

Ni mwisho wa mwezi wa Septemba. Tangu mwezi wa Mei mbingu zimefungwa. Mwezi wa Juni na wa Julai tuliota moto asubuhi, kwa maana nchi yetu imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na baridi ya kiangazi huuma. Mwezi wa Agosti majani ya miti yalikauka yakaanguka, nyasi zikachomwa, upepo ukachukua majivu na vumbi jekundu hata ndani ya vyungu vyetu. Vijito vimekonda. Mgeni akipita njiani na kuitazama nchi hii angesema: imekufa.

Lakini tazameni vema. Miti ya miombo imeanza kuvaa nguo mpya. Majani yake machanga hayatoki na rangi ya kijani. Hutoka mekundu, mengine kama shaba iliyosuguliwa, mengine kama divai, hata ukikitazama kilima kwa mbali wadhani kinawaka moto wala hakiteketei, kama kile kijiti alichokiona Musa jangwani. Wataalamu wa mimea wanafikiri kwamba rangi ile hulikinga jani changa na ukali wa jua na meno ya wadudu, mpaka likomae na kuwa la kijani. Hivyo Muumba hamwachi mtoto wa mti atoke uchi.

Tazameni pia ule mti mfupi wenye gome zito, ambao mbegu zake ni nyekundu zenye doa jeusi, na watoto huzitunga kama shanga. Hauna jani hata moja, lakini ncha za matawi yake zimetoa maua mekundu kama makaa ya moto. Tazameni chini, mahali pale nyasi zilipoungua: katikati ya majivu vimetokeza vijimea vifupi visivyopita urefu wa kidole, navyo vina maua ya manjano, meupe na ya zambarau. Shina lao kubwa limo ardhini. Moto ulipita juu, haukuligusa. Katika miji ya Likasi na Lubumbashi, ile mijakaranda iliyoletwa kutoka Amerika ya Kusini inamwaga maua yake ya samawati barabarani. Uani kwetu miembe imefunga matunda madogo. Porini masuku yananenepa. Na kando ya kisima mama zetu wanayamwagilia majani ya lengalenga kwa mikono yao, kopo kwa kopo, kwa kuwa mvua bado.

Sasa lishikeni neno hili, kwa sababu ndilo somo letu lote la leo: mvua bado. Hakuna hata tone moja lililoanguka. Mvua za kwanza hungojewa mwishoni mwa Oktoba, nazo hutulia na kunyesha kwa taratibu katikati ya Novemba. Lakini mti haukungoja. Umetoa jani lake na ua lake wakati wa joto kali kuliko yote, wakati ardhi imepasuka na mbingu ni nyeupe kama bati. Mti huchipua kabla ya mvua.

Je, mti una wazimu? Hapana. Mti una mizizi. Mizizi ya miti ya msituni yashuka chini sana, mahali ambapo unyevu wa mvua za mwaka uliopita ungali umehifadhiwa, na shina lenyewe huweka akiba ya maji. Mti unaishi kwa maji yasiyoonekana, huku ukingoja maji yatakayoonekana.

II. MATUMAINI NI NINI

Ndugu zangu, huo ndio mfano wa mkristu mwenye matumaini. Kuna fadhila tatu ziitwazo za Kimungu, ambazo Mungu mwenyewe hutia rohoni mwetu siku ya Ubatizo: Imani, Matumaini na Mapendo. Kwa Imani tunayasadiki aliyoyafunua Mungu. Kwa Matumaini tunayangoja aliyoyaahidi. Kwa Mapendo tunaungana naye na jirani zetu.

Angalieni tofauti kati ya kutamani na kutumaini. Mtu anayetamani husema, “Laiti ningepata!” naye hana msingi wowote. Mtu anayetumaini hungoja kitu alichoahidiwa na mwenye uwezo wa kukitoa, asiyejua kusema uongo. Sisi tunangoja uzima wa milele pamoja na neema zote za kutufikisha huko. Hatuungoji kwa sababu tunastahili. Twaungoja kwa sababu Mungu ni mwaminifu, na kwa sababu Mwanawe alitufia msalabani na kufufuka.

Na akiba ya maji iliyo chini ya mizizi yetu ni nini? Ni neema ya Ubatizo. Ni Neno la Mungu tulilolisikia Jumapili tukaliweka moyoni. Ni Ekaristi Takatifu. Ni sala ya jamaa inayosaliwa jioni kabla ya taa kuzimwa. Mtu aliyejiwekea akiba hiyo wakati wa raha ataweza kuchipua wakati wa ukame. Asiyekuwa nayo atangoja mvua kwanza, ndipo amsifu Mungu. Na mvua ikichelewa, naye atakauka.

Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe alitufundisha kuusoma msitu. Aliwaambia wanafunzi wake wautazame mtini: tawi lake likilainika na majani kutoka, hujua kwamba majira ya joto yamekaribia, vivyo hivyo wanapaswa kuzitambua alama za kuja kwake. Mara nyingine aliwakemea makutano waliojua kabisa kulitambua wingu litokalo magharibi na upepo uvumao toka kusini, lakini hawakutaka kuitambua saa ya wokovu iliyokuwa mbele ya macho yao. Basi ninyi mnaojua kuhesabu siku za mvua kwa kutazama majani, msishindwe kuzitambua siku za Mungu.

III. MAJIRA YETU NA KALENDA YA KANISA

Pengine mmoja wenu ameuliza moyoni: Mbona mapadri walitueleza kwamba majira ya kuchipua ni wakati wa Pasaka? Swali hilo ni jema, tena linastahili jibu.

Wamonaki Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea ya Bruges, waliofika Katanga mwaka 1910, walitoka Ubelgiji. Huko kaskazini baridi kali huua majani mwezi wa Desemba, na maua hurudi mwezi wa Machi na Aprili, yaani wakati uleule Kanisa linapoadhimisha Ufufuko. Kwa hiyo nyimbo na picha za Ulaya huunganisha Pasaka na maua mapya. Kwetu sisi tulio kusini ya ikweta mambo yamegeuka. Jua huvuka ikweta kuja upande wetu siku ya 22 au 23 Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata polepole kutoka kaskazini. Kwa hiyo majani yetu mapya hayaji karibu na Pasaka. Huja mwisho wa mwaka wa Kanisa, tunapokaribia Majilio.

Je, tumepungukiwa kitu? Hata kidogo. Sikilizeni.

Katika kitabu cha kale cha ibada za Kanisa la Roma imo baraka ya mbegu, iliyowekwa kwa sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bikira Maria, tarehe 8 Septemba. Huko Ulaya ni wakati wa kuipanda ngano ya majira ya baridi. Kwetu ni siku zile mahindi ya mbegu yangali yananing'inia juu ya moshi wa jikoni, na wanaume wanaanza kusafisha mashamba. Bikira Maria alizaliwa kabla ya Mkombozi, kama jani jekundu linavyotangulia mvua. Aliyeona mtoto yule katika mikono ya mama yake hakujua kwamba mvua ya wokovu i karibu.

Kisha yaja Majilio, majuma ya kumngoja Bwana. Kanisa lote duniani linasali na kungoja, na sisi wakulima wa Katanga tunangoja pamoja nalo kwa mwili na kwa roho, maana ndio wakati mbegu zetu zimo ardhini. Tena tarehe 1 Desemba, mahindi yakiwa yamechungulia tu, twamkumbuka Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, mtawa wa nchi yetu, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kulinda usafi wake, akawasamehe waliomwua, na ambaye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Huyo ni punje ya mbegu iliyoanguka ardhini mwetu wenyewe.

Na Pasaka yetu? Pasaka yetu hukuta mahindi mabichi yamekwisha kuliwa na mengine yanakaukia shambani. Kwetu Pasaka ni mavuno. Wala msidhani kwamba huko ni kupotoka. Katika nchi ya Israeli Pasaka ilikuwa mwanzo wa mavuno ya shayiri, na watu wa Agano la Kale walimletea Mungu mganda wa kwanza. Mtume Paulo alipotaka kuwaeleza Wakorintho ufufuko wa Bwana, alimwita malimbuko ya wote waliolala. Mkulima wa Shinkolobwe huelewa maneno hayo bila mfasiri.

IV. MAWINGU YA OKTOBA NA DHAMBI MBILI

Sasa tuingie mwezi wa Oktoba, mwezi wenye vigeugeu. Asubuhi jua hutoka kali. Saa sita pepo za kisulisuli hukimbia barabarani zikibeba vumbi na majani makavu. Saa tisa mawingu meusi hujikusanya, ngurumo zasikika upande wa milima, watoto hutoka nje wakipiga kelele. Jioni mawingu yametoweka, na nyota zaangaza kana kwamba hakuna lililotokea. Halafu siku moja mvua hunyesha kweli, ardhi hutoa harufu yake nzuri, kumbikumbi huruka usiku kuufuata mwanga wa taa. Kesho yake jua hurudi, na likakaa juma la kwanza, la pili, hata la tatu.

Katika siku kama hizo matumaini ya mtu hujaribiwa. Katekismu yatufundisha kwamba ziko dhambi mbili zinazoipinga fadhila ya Matumaini. Ya kwanza ni kutumaini kwa ujeuri. Ya pili ni kukata tamaa. Tuzitazame zote mbili shambani.

Tumfikirie baba mmoja aliyeiona mvua ya kwanza. Akasema, “Mungu amekwisha kunisikia, sina haja ya kungoja.” Akachukua mbegu yake yote, akaipanda siku moja, katika udongo uliolowa juu juu tu. Mahindi yakaota siku ya sita, yakanyauka siku ya kumi na tano. Huyo ametumaini kwa ujeuri. Ndivyo alivyo mkristu asemaye, “Nimebatizwa, basi yatosha,” akaishi apendavyo, akisema ataungama siku ya kufa, kana kwamba saa ile imo mfukoni mwake. Mungu ni mwenye huruma, naam. Lakini huruma yake si kitu cha kuchezewa.

Tumfikirie sasa baba wa pili. Aliona mvua imekatika, akasema, “Mwaka huu tumekwisha.” Akashusha mbegu kutoka juu ya moshi, akampa mkewe aisage iwe unga wa bukari. Kisha akaanza kumtafuta mwenye hatia. Akakumbuka kwamba shangazi yake mzee anaishi peke yake, macho yake ni mekundu, na siku ya mazishi hakulia. Akanong'ona kwa majirani kwamba huyo ndiye aliyeifunga mvua. Na radi ilipopiga mti karibu na kijiji, mnong'ono ukawa makelele.

Ndugu zangu, hapa nasema nanyi wazi, kwa sababu jambo hili limekwisha kumwaga machozi mengi, tena damu, katika nchi hii. Hakuna bibi kizee anayeweza kuifunga mvua. Wala radi haitumwi na mtu. Radi ni umeme unaokusanyika katika mawingu makubwa ya joto, nao hutafuta njia ya kushuka, mara nyingi katika kitu kirefu. Ndiyo sababu hatujikingi mvua chini ya mti mrefu. Mtoto wa shule aweza kuwaeleza hayo. Macho ya bibi yule ni mekundu kwa sababu amekaa miaka sitini mbele ya moshi akiwapikia ninyi. Mkristu anayemshitaki mzee kwa uchawi amekosa mara tatu: amekosa juu ya Imani, kwa kumpa kiumbe uwezo wa Mungu, amekosa juu ya Mapendo, kwa kumtia jirani yake hatarini, na amekosa juu ya Matumaini, kwa maana hutafuta mtu wa kumchukia yeye aliyeacha kumngoja Mungu. Na kama mnong'ono huo umeanza kijijini kwenu mwaka huu, wewe unayenisikia usingoje katekista aje. Nenda jioni hii hii kwa mzee huyo, mpelekee kuni na maji, kaa mlangoni pake hadharani ili watu wote wakuone.

Lakini yuko baba wa tatu. Mvua ya kwanza ilipokwisha, alichimba kwa mkono aone udongo umelowa mpaka wapi. Alipoona unyevu haujafika hata kifundo cha mkono, alingoja. Ulipofika, aligawa mbegu yake mafungu matatu: fungu moja akalipanda, la pili akalipanda baada ya siku kumi, la tatu akaliweka liwe akiba kama mengine yangeharibika. Wakati wa kungoja hakulala. Alipanda muhogo ambao hustahimili ukame, alitengeneza matuta, aliomba Misa pamoja na jumuiya yake. Huyo ndiye mwenye matumaini ya kweli. Alifanya kazi kana kwamba yote yanamtegemea yeye, akasali kana kwamba yote yanamtegemea Mungu. Mtume Yakobo alimweka mkulima wa namna hiyo mbele yetu awe kielelezo: mtu anayeyangojea kwa uvumilivu mazao ya thamani ya nchi, mpaka yapate mvua ya kwanza na mvua ya mwisho.

V. SI KILA UA NI ALAMA NJEMA

Tena liko neno moja linalotuhusu sisi wa mahali hapa kuliko watu wengine.

Katika nchi yetu ya Katanga huota ua dogo la jamaa ya mrehani, ambalo wataalamu huliita ua la shaba. Huota mahali ambapo udongo una shaba nyingi hata miti haiwezi kukua. Wachunguzi wa mambo ya kale wamelitumia kutambua mahali ambapo wahenga wetu waliyeyusha madini. Mgeni akiona uwanja wa maua katikati ya msitu aweza kusema, “Hapa pafaa bustani.” Mwenyeji anajua kwamba akipanda maharagwe pale, atavuna hasara. Ua lile ni zuri, na Mungu ndiye aliyeliumba; lakini halisemi kwamba hapo pana chakula.

Jina la Shinkolobwe, kama wanavyosimulia wengi, ni jina la tunda lenye miiba. Kilomita zipatazo 20 upande wa magharibi wa Likasi, mwaka 1915, Mwingereza Robert Sharp alivumbua hapa jiwe la urani. Kampuni ya Union Minière ilianza kulichimba mwaka 1921, kwanza kwa ajili ya radi ya kutibu saratani. Baadaye madini ya shimo hili yalipelekwa Marekani, yakatumika kutengeneza bomu lililoangushwa juu ya mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Siku hiyo Kanisa huadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana, mlimani, katika mwanga uliowapa mitume matumaini. Siku moja, mianga miwili: mmoja unahuisha, mmoja uliua maelfu kwa maelfu. Nasi tulio juu ya udongo huu tuna wajibu wa kuwakumbuka wafu wale katika sala, ingawa wachimbaji wa hapa hawakuambiwa mawe yale yaendako.

Mwaka 1960 uchimbaji wa urani ulikoma na mashimo yakafungwa. Lakini umaskini uliwarudisha watu. Walirudi na sululu kutafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 Rais wa Jamhuri aliamuru kazi hiyo ikome, na mwezi wa Julai mwaka uleule sehemu ya machimbo iliporomoka, watu wanane wakafa. Jiwe la urani hutoa miali ambayo jicho haliioni wala pua hainusi, na vumbi lake likiingia kifuani hukaa humo na kudhuru.

Sisemi kwamba kuchimba madini ni dhambi. Wengi wa baba zetu walilea watoto na kujenga makanisa kwa mshahara wa mgodi. Tena sitamhukumu kijana aliyeshuka shimoni kwa sababu mtoto wake analia njaa; Mungu amwona, na wenye madaraka wanaomwachia njia hiyo peke yake watatoa hesabu. Ninalosema ni hili: lile shimo huahidi fedha ya leo, wala haliahidi kesho. Shamba huahidi kesho, lakini hudai ungoje. Mzazi anayemtoa mtoto wake shuleni mwezi wa Oktoba ili akabebe mifuko ya mawe amekula mbegu. Na baba anayekata miombo yote ya kilima apate makala ya kuuza leo, au anayewasha moto porini mwezi wa Septemba majani yakiwa yamekwisha kutoka, ameiunguza alama ya matumaini tuliyopewa. Moto wa mwanzo wa kiangazi huliachia jiti nafasi ya kupona. Moto wa mwisho huua chipukizi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alikumbusha dunia nzima kwamba nchi ni nyumba yetu sote, na kwamba maskini ndio wa kwanza kuumia ikiharibiwa. Wazee wetu wanaosema mvua za siku hizi hazina tena taratibu za zamani hawahitaji kuelezwa zaidi.

VI. TENDO LA JUMA HILI

Wapenzi wasikilizaji, kabla ya kuagana nawapa kazi. Kila jamaa ichague mti mmoja karibu na nyumba, mti wenye majani machanga. Kila jioni, baba au mama awaongoze watoto mpaka kwenye mti huo. Wautazame. Kisha kila mmoja aseme kwa sauti neno moja analolingoja kwa Mungu, hata kama halionekani bado: mgonjwa apone, ndugu aliyeacha sakramenti arudi, mtoto apate ada ya shule. Halafu wasali Baba Yetu. Na mvua itakapokuja, mwezi wa Novemba, na uyoga utakapotoka, pamoja na ule mkubwa wa vichuguu ambao kofia yake yaweza kufika upana wa mita moja, hata mtoto hujikinga mvua chini yake kwa mchezo, mkaule kwa shukrani; na kikapu cha kwanza kiende kwa mjane.

MASWALI YA KUSHIKA MOYONI

Swali: Matumaini ni nini?
Jibu: Ni fadhila ya Kimungu, ambayo kwayo tunangoja kwa moyo thabiti uzima wa milele na neema za kutufikisha huko, kwa sababu Mungu aliyeahidi ni mwaminifu.

Swali: Ni dhambi gani zinazopinga Matumaini?
Jibu: Ni mbili: kutumaini kwa ujeuri, na kukata tamaa.

Swali: Je, mkristu aweza kumshitaki mtu kwamba amefunga mvua au ametuma radi?
Jibu: Hawezi. Mvua na radi ni kazi za viumbe vilivyo chini ya mamlaka ya Mungu peke yake, na kumshitaki jirani hivyo ni dhambi kubwa.

Swali: Mwenye matumaini hufanya nini mvua ikichelewa?
Jibu: Husali, hufanya kazi, hutunza mbegu yake, wala hamchukii jirani.

Swali: Mti wa msituni watufundisha nini mwezi wa Septemba?
Jibu: Watufundisha kuchipua kabla ya mvua, kwa nguvu ya akiba iliyofichwa mizizini, yaani neema ya Mungu.

TUSALI

Ee Mungu Muumba, uliyemwahidi Nuhu kwamba wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna havitakoma siku zote za dunia, utazame mashamba yetu makavu na mioyo yetu yenye haraka. Utupe mvua kwa wakati wake, na kabla ya mvua utupe jani la matumaini. Uwalinde wanaoshuka shimoni. Uwakinge wazee na ulimi mbaya. Uwapokee katika mwanga wako wote waliokufa kwa madini yaliyotoka katika udongo huu, waliofia hapa na waliofia mbali. Kwa maombezi ya Bikira Maria, na ya Mwenye Heri Anuarite, binti wa nchi yetu. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, ndugu wapenzi. Katika somo lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya fadhila ya Mapendo, iliyo kubwa kuliko zote. Tumsifu Yesu Kristu.